Laptopu Inagoma Kushika WiFi Nyumbani? Usiibebe kwa Fundi Kabla Hujapima Vipande Vitatu

Somo la leo ni kwa wale wanaouza mtandaoni wakiwa nyumbani, hasa wenzetu wa Mpanda na Katavi yote, kuanzia Makanyagio, Kashaulili na Nsemulwa mpaka Inyonga na Karema. Ni refu kidogo, kwa hiyo lihifadhi, utalihitaji siku ukikwama.

Tuseme unauza asali ya Inyonga. Picha umepiga, umezihamishia kwenye laptopu, umeandika bei. Mteja wa Dar anasubiri umtumie ankara alipe, ili mzigo uwahi basi la alfajiri. Unabonyeza tuma, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Mteja anasubiri dakika kumi, ishirini, halafu anahamia kwa muuzaji wa Tabora. Wewe umebaki unakitazama kile kialama cha WiFi pembeni ya kioo kana kwamba kitakuonea huruma.

Hapo wengi hukimbilia moja kati ya mawili. Ama wanaunga bando jingine juu ya bando, ama wanabeba laptopu kwenda mjini kwa fundi. Na fundi akiwa na foleni, jibu lake mara nyingi ni moja: "Hii tuipige window." Jioni laptopu inarudi inawaka vizuri kabisa, ila picha za bidhaa, orodha ya wateja na daftari la madeni vimefutika, na WiFi ndiyo haionekani hata kidogo. Kwa nini inakuwa hivyo nitaeleza huko chini. Mafundi wazuri tunao na tunawahitaji, lakini ukienda bila kujua unaumwa wapi, utatibiwa chochote.

Sasa twende kwenye lenyewe. Intaneti ya nyumbani ni safari yenye vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni kutoka laptopu yako mpaka kwenye rauta, au mpaka kwenye simu kama unatumia hotspoti. Cha pili ni kutoka rauta au simu mpaka kwenye mnara wa mtandao (wale wenye faiba, kwao ni waya). Cha tatu ni kutoka mnarani kwenda duniani kwenye WhatsApp, Facebook, barua pepe na mengine yote.

WiFi ni kile kipande cha kwanza peke yake. Hili naomba lieleweke vizuri maana ndipo pesa zinapopotelea. Vistari vya WiFi vikijaa kwenye laptopu, vinakwambia tu kwamba laptopu na rauta zinasikilizana. Ni sawa na bodaboda iliyokufikisha stendi salama. Kufika kwako stendi hakumaanishi basi lipo. Kwa hiyo mtu anayesema "WiFi imejaa lakini hakuna intaneti" hajakutana na muujiza. Boda imefika, basi ndilo halipo.

Kwa hiyo, siku ikigoma, kabla hujagusa kitu chochote kwenye laptopu, chukua simu nyingine. Zima data ya simu hiyo kabisa, halafu iunganishe kwenye WiFi ile ile na ufungue ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Kuzima data ni lazima, la sivyo simu itatumia bando lake yenyewe na wewe utadhani WiFi ni nzima. Na ukurasa uwe mpya, kwa sababu kurasa za zamani simu huwa imezihifadhi na inaweza kukuonyesha hata bila mtandao.

Simu ikifungua na laptopu ikakataa, ugonjwa uko kwenye laptopu. Zote mbili zikikataa, iache laptopu ipumzike, haina kosa.

Tuanze na hali hiyo ya pili kwa sababu ndiyo inayotokea zaidi.

Rauta nyingi za laini tunazotumia majumbani zinakula bando kama simu, na bando huisha au muda wake hupita. Mtandao hukutumia ujumbe kwamba limebaki kidogo. Ujumbe huo unaenda wapi? Unaenda kwenye laini iliyo ndani ya rauta, na rauta haina kioo cha kukusomea. Igeuze rauta uangalie karatasi iliyobandikwa chini yake, kuna anwani kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike juu kwenye kivinjari chako, pale unapoandikaga majina ya tovuti, uingie kwa jina na neno la siri vilivyoandikwa hapo hapo chini. Utakuta ukurasa wa rauta yenyewe, na kwenye nyingi kuna sehemu ya ujumbe. Wapo watakaokuta meseji za miezi mitatu zimelala humo, zote zikisema kifurushi kinaisha.

Ukurasa huu una faida nyingine kubwa. Ukifunguka kwenye laptopu, basi kipande cha kwanza ni kizima, umeshathibitisha. Hauhitaji intaneti kufunguka. Na ndani yake utaona nguvu ya mawimbi kutoka mnarani, yaani kipande cha pili, ambayo ni tofauti kabisa na vile vistari vya WiFi vya kwenye laptopu. Ukiwa humo ndani, badilisha neno la siri la kuingilia kama bado ni lile lililokuja kiwandani, na utazame idadi ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta tisa na nyumbani mko watatu, majirani wanakula na wewe.

Kama mawimbi kutoka mnarani ni dhaifu, tatizo ni mahali rauta ilipokaa. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma na bati juu, mageti na milango ya chuma. Chuma na bati ndivyo adui mkubwa wa mawimbi. Rauta iliyofichwa nyuma ya televisheni, juu ya friji au ndani ya kabati unaipa kazi mara mbili. Ipeleke dirishani upande uliko mnara, iinue juu, halafu usubiri dakika mbili uangalie namba zimebadilikaje. Jaribu dirisha la pili. Usiiache ipigwe na jua moja kwa moja, maana kwenye joto la Septemba na Oktoba rauta inachemka na inaanza kujizima yenyewe. Na masika, radi zikianza, ichomoe kwenye umeme kabisa.

Umeme nao una mtego wake. Katavi tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, ndiyo maana mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ulisubiriwa kwa hamu. Umeme ukikatika, laptopu ina betri, inaendelea kuwaka kama kawaida. Rauta haina, imezima. Mchana kweupe, taa hazijawashwa, hujui hata kama umeme umeondoka. Unaanza kuilaumu laptopu bure. Angalia taa za rauta kwanza. Ukiona hili linakukosesha mauzo kila wiki, kuna vibetri vidogo maalumu vya kuhifadhia umeme wa rauta. Kabla ya kununua, soma kwenye adapta ya rauta imeandikwa volti ngapi, nyingine ni 9 na nyingine 12. Ukichanganya unaweza kuiunguza.

Umeme ukirudi, rauta huhitaji dakika kadhaa kujipanga na mnara. Usiizime na kuiwasha kila sekunde kumi. Izime, hesabu polepole mpaka thelathini, iwashe, halafu nenda kapike chai.

Wenye hotspoti ya simu, kwenu kuna mambo matatu ya pekee. Simu nyingi hujizimia hotspoti zenyewe zikikaa dakika chache bila kifaa kuunganishwa, na hali ya kuokoa chaji nayo huizima. Pili, bando la mitandao ya kijamii pekee litafungua WhatsApp na kukataa tovuti nyingine, kwa hiyo usiseme intaneti imekufa kabla hujakumbuka ulinunua nini. Tatu, hotspoti za simu mpya zinaweza kurusha mawimbi ya gigahezi 5 ambayo laptopu nyingi za zamani haziyaoni kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uchague gigahezi 2.4. Kwa wenye iPhone 12 kwenda juu, washa palipoandikwa "Maximize Compatibility". Hiyo 2.4 ina kasi ndogo kidogo, lakini inapenya ukuta vizuri zaidi, na kwa kutuma picha na ankara inatosha sana. Na kama jina la hotspoti linaonekana, neno la siri ni sahihi, lakini laptopu ya zamani inakataa, angalia aina ya ulinzi kwenye simu. Ikiwa ni WPA3, ishushe iwe WPA2.

Haya, sasa hali ya kwanza. Simu inafungua, laptopu imegoma.

Anza na vitu vya kitoto, msicheke. Kuna kitufe kwenye safu ya juu ya kibodi chenye alama ya ndege au ya antena. Mtoto akikigusa, WiFi imezima. Laptopu za zamani zina kiswichi cha kusukuma pembeni kwa ajili hiyo hiyo. Ukikuta alama ya ndege pembeni ya kioo, umeshapata jibu.

Kama WiFi imewaka na jina la rauta yako unaliona, bonyeza jina hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague "Forget", laptopu ilisahau, kisha jiunge upya kwa kuandika neno la siri polepole. Hii inatibu watu wengi, hasa waliobadilisha neno la siri la rauta na laptopu bado inalikumbuka la zamani.

Kama inaunganika lakini inasema hakuna intaneti wakati simu inapata, zima laptopu kabisa uiwashe upya kwa "Restart", sio kufunika tu kioo. Ukifunika laptopu inalala na matatizo yake na kuamka nayo. Ukiwa na moyo wa kuchungulia zaidi, fungua taarifa za mtandao uangalie anwani ya laptopu. Ikianza na 169.254, maana yake rauta haijaipa laptopu anwani, imejipachikia yenyewe. Zima na kuwasha vyote viwili, rauta kwanza. Kama umewahi kuweka VPN, izime ujaribu tena. VPN ikikosa seva yake inaziba njia yote, na WiFi inabaki inaonekana nzima. Na kama unatumia VPN kwa shughuli za biashara, kumbuka TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023 la kuwataka watumiaji watoe taarifa zao.

Halafu kuna hili la saa, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Wengi wetu tumenunua laptopu zilizotumika. Ndani yake kuna betri ndogo ya kutunza saa, nyingi ni duara kama sarafu, aina ya CR2032. Ikifa, kila laptopu inapoishiwa chaji tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Kivinjari hukagua tarehe kabla ya kukubali kuongea na tovuti salama, zikiwemo WhatsApp na barua pepe. Laptopu ikidai tuko 2015, kivinjari kitazikataa na kitakuandikia onyo kwamba muunganisho si wa faragha. Mtu anaona maandishi mekundu anadhani kirusi. Rekebisha tarehe na saa, na kwenye majira ya eneo chagua Nairobi, ndivyo Windows inavyoyaita majira yetu ya Afrika Mashariki. Kama tatizo linajirudia, hapo fundi anahusika. Mwambie abadilishe betri ya saa, basi. Asipige chochote.

WhatsApp ya kwenye laptopu nayo ina tabia yake. Siku hizi inafanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, lakini usipoifungua simu kuu kwa siku 14, laptopu inaondolewa. Ukiona inakuomba uiunganishe upya, hilo halihusiani na WiFi.

Turudi kwenye "kupiga window". Kadi ya WiFi ndani ya laptopu inahitaji programu ndogo ya kuiendesha, inaitwa draiva. Window ikipigwa upya bila draiva sahihi, kadi ipo lakini laptopu haijui kuitumia, na kialama cha WiFi kinapotea kabisa. Ili upate draiva unahitaji intaneti, na intaneti huna kwa sababu huna draiva. Watu wengi wamenunua kadi mpya kwa ajili ya hili.

Njia ya kutoka ni waya wako wa chaji. Unganisha simu ya Android kwenye laptopu kwa waya wa USB (uwe ule unaopitisha data, sio wa kuchaji tu), washa data ya simu, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uwashe palipoandikwa "USB tethering". Laptopu itapata intaneti kupitia waya, bila WiFi kabisa. Sasa ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, HP, Dell, Lenovo au nyingine, tafuta modeli iliyoandikwa chini ya laptopu, upakue draiva ya WiFi.

Mimi waya huu nauheshimu kuliko dawa nyingine zote, kwa sababu unaokoa siku. Mteja yuko hewani, WiFi imegoma, hujui kwa nini. Chomeka waya, tuma ankara, pokea pesa, mzigo uende. Uchunguzi utafanya usiku. Tena waya wenyewe ni kipimo: kama kwa waya intaneti inaingia kwenye laptopu na kwa WiFi ya simu ile ile haiingii, umeshajua ni kipande cha kwanza, hakuna kubahatisha.

Kuna jambo jingine linalofanana na WiFi mbovu lakini ni wizi wa kimya kimya. Laptopu ikiona WiFi inadhani umelipia intaneti isiyo na kikomo. Inaanza kupakua masasisho ya Windows, inapandisha picha zako zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kivinjari nacho kinajisasisha. Bando la GB moja uliloweka asubuhi halifiki mchana, halafu unasema mtandao mbovu. Dawa yake ni hii: fungua mipangilio, nenda kwenye mtandao, bonyeza jina la WiFi au hotspoti yako, uwashe "Metered connection". Umeiambia laptopu kwamba intaneti hii ni ya kupimiwa, na masasisho mengi itayaahirisha. Fanya hivyo kwa kila hotspoti unayotumia, maana mpangilio unakaa kwenye jina hilo moja tu. Masasisho yenyewe ni muhimu kwa usalama, kwa hiyo yatafutie siku yenye bando kubwa la usiku uyaruhusu.

Na kipande cha tatu? Hicho kikikatika hakuna cha kufanya nyumbani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009 na unaoendeshwa na TTCL, ndio unaobeba intaneti kutoka pwani kuja mikoani, na pwani nako inategemea nyaya zilizolala chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hata ungepiga window mara kumi usingepata kitu. Dalili ya siku kama hiyo ni kwamba rauta ina mawimbi mazuri, bando lipo, lakini simu za mitandao tofauti zote zinasota. Ukiona hivyo, piga simu ya kawaida au tuma SMS kwa wateja wako wakubwa uwaambie mzigo upo na bei ni ile ile. Ndiyo maana namba zao zisikae kwenye laptopu tu. Ziandike kwenye daftari.

Ukifika mahali pa kupiga huduma kwa wateja, namba ni 100 kwa mitandao yote. Ukiwaambia "intaneti haifanyi kazi" watakwambia uzime na uwashe. Waambie hivi: ukurasa wa rauta unafunguka, bando lipo GB kadhaa, mawimbi ya mnara ni vistari viwili, vifaa viwili vimejaribiwa na vyote havipati, imeanza saa fulani, niko mtaa fulani. Halafu omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako na uiandike pembeni ya tarehe. Ukilazimika kupiga tena kesho, utaanzia hapo.